Mnandi wa Jiwe la Lukasi

Tulipomaliza kumzika dada yangu Veronika, watoto wake walikaa sebuleni wakichagua picha ya kutundika ukutani, nami nikakaa pembeni na kikombe cha chai kilichopoa, nikijifanya sisikii. Binti yake mkubwa, Tereza, ambaye sasa naye ana wajukuu, aliniuliza kwa ile sauti ya juu watu wanayotutolea sisi wazee wakidhani sote ni viziwi: "Mjomba, eti ni kweli mama aliolewa na mtu mwingine kabla ya baba?" Wenzake wakaacha kuchagua picha. Kumbe pale msibani mzee mmoja aliyetoka Nansio alikuwa amemtaja marehemu kama mke wa Lukasi, na jina lile liliwakwama watoto kama mwiba wa samaki. Nilimjibu kwamba ni kweli. Akataka kujua huyo Lukasi alikuwa nani, na mbona mama yao hakumtaja hata siku moja katika maisha yake yote. Nilimwambia kwamba nitaandika, kwa sababu kila nikijaribu kuisema habari ile kwa mdomo huwa siimalizi.

Sitasimulia ukoo wetu. Watoto wa Veronika wanaujua, na asiyeujua hatapata hasara. Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule wa mwisho kabla ya Vita vya Pili, mwaka ambao dada yangu hakuwa mke wala mjane, na mimi nilikuwa kijana wa Mwanza mwenye wazimu wa ndege. Nasema wazimu kwa sababu ndivyo watu walivyouita. Nilifanya kazi kwa Bwana Kanji, Mhindi mpiga picha, ambaye duka lake lilikuwa na chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa nguzo na maua, na chumba cha nyuma chenye giza, kilichonuka siki na mayai viza. Mbele walikaa wateja wakiwa wamebana pumzi: makarani, maharusi, watoto wa Kihindi waliopakwa wanja. Nyuma nilikuwa mimi, nikisafisha sahani za kioo ambazo wakati ule ndizo zilizonasa picha. Jumapili, baada ya misa, nilichukua kamera kuukuu ya mbao ambayo Bwana Kanji hakuitumia tena, nikaenda kwenye mawe ya ufukweni kuwavizia mdiria na yangeyange. "Anselmi," aliniambia, "ndege hanunui picha yake." Lakini kamera aliniachia, na sahani zilizokaribia kuharibika akanipa, halafu nikimletea picha aliziinamia kwa kioo cha kukuzia huku akiguna. "Huyu amekaa vizuri kuliko karani wa jana," alisema siku moja, na kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Siku hizi naona wageni wanashuka uwanja wa ndege na kamera zenye mdomo mrefu kuliko wa mwari. Wanampiga picha furukombe aliye ng'ambo ya ghuba, kisha wanarudi hotelini kula. Sisi ilibidi ndege aje mwenyewe. Niliiweka kamera karibu na mahali anapopenda kutua, nikaifunika kwa matete, nikafunga uzi wa kushonea nyavu kwenye kifyatulio chake, kisha nikalala mbali kifudifudi, uzi kidoleni, nikingoja. Ndege ana mazoea kuliko mzee wa kanisa. Ukishalijua jiwe lake umeshampata. Na kwa kuwa nilikuwa na ndugu na marafiki kila upande wa ziwa, kila mapumziko yalikuwa safari ya kusalimia, na kila safari ya kusalimia nilibeba kamera. Kule Buhongwa, kwa rafiki yangu Masanja, nilishinda siku nzima chini ya mti wa kwera wanaosuka viota, mpaka mama yake akauliza kama nimekuja kumwona mwanawe au nimekuja kuishi na ndege. Kule Usagara mjomba wangu aliwavalisha watu wote wa nyumba yake nguo za sikukuu, akawapanga mbele ya ghala la mtama, kisha akanikuta mbugani nimelala kwenye tope mbele ya korongo wenye taji. "Matobolwa yangu ya viazi umekula," alisema, "kuku wangu umekula, halafu picha unawapa korongo?" Nilimpiga picha yeye na wake zake kwa sahani iliyobaki. Alisimama akiwa bado amenuna, na amenuna hivyo hivyo ukutani kwa wajukuu zake hadi leo. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na ndiyo maana inaniuma kuukumbuka, maana dada yangu wakati huohuo alikuwa amekaa chini, nyuma ya mlango, ng'ambo ya maji.

Lukasi, mumewe, alizama mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa akivusha pamba kwa mtumbwi, upepo ukamkuta, mtumbwi ukaonekana, marobota yakaonekana, yeye hakuonekana. Alikuwa shemeji wa utani mwingi, mtu wa kukupokea kwa kelele hata ukiwa umefiwa. Wavuvi walimtafuta hadi wakachoka. Kwao kule kisiwani Nansio, mtu aliyemezwa na ziwa asipopatikana, ukoo hungoja kidogo, kisha huzika shina la mgomba lililofungwa shuka kama mwili. Lakini anayelifunga shuka lile ni mama mzazi, na mama mzazi wa Lukasi alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu anayemwona kila asubuhi. Na pasipo maziko mjane havuliwi msiba: Veronika alibaki na kamba ya mgomba shingoni, hashikani mikono na mtu, hali chombo kimoja na wengine, havuki maji kwenda kwao. Baba alituma watu, wakarudi mikono mitupu. Ndipo, mwaka ukikaribia kwisha, nilipoomba ruhusa kwa Bwana Kanji, nikabeba kamera na dawa zake kwa mazoea tu, nikapanda mashua ya wafanyabiashara wa pamba kwenda Nansio.

Nyumba ya kina Lukasi ilikuwa ya udongo, ya vyumba viwili, na imefagiliwa mno, kama nyumba inayongoja mgeni. Koti la Lukasi lilining'inia kwenye msumari. Kitanda chake kilitandikwa, na Mama Lukasi alilala juu yake yeye mwenyewe kila usiku, ili kisipoe, alivyosema. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho matulivu kabisa, na utulivu ule ulinitisha kuliko kilio. Nilimwamkia: "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Mwanza hawajambo?" "Hawajambo." "Umekuja kumwona shemeji yako?" Akanipigapiga begani kwa upole. "Umechelewa, ameshaondoka. Lakini kesho asubuhi atakuwepo." Akatuandalia ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Wakati ule sangara hawajaletwa ziwani. Tulikula sato, ningu na kambare, na furu wadogo walijaa kila mahali. Kabla hajala, Mama Lukasi aliweka furu wachache na sato mmoja mdogo kando kwenye kikapu, akakifunika. Veronika alikula peke yake sakafuni, mgongo umeelekea ukuta, na bakuli lake lenye ufa. Alikuwa amekonda. Kamba ile ilikuwa imemchubua shingo.

Baadaye nilimfuata nyuma ya nyumba, alipokuwa anaosha vyombo. "Dada, huyu mama anasema nini?" Hakuinua kichwa. "Usibishane naye. Kesho utamwona." "Nani?" "Mume wangu," alisema, akacheka kicheko kikavu ambacho sikuwahi kumsikia nacho. "Anakuja na jua. Ana mbawa. Mimi ndiye ninayempelekea chakula, maana mke ni nani kama si mimi? Wenzangu wanapikia waume, mimi nampikia ndege, na hata hataki kilichopikwa." Kisha akaniangalia, na kicheko kikamtoka usoni. "Anselmi, mimi nitazeekea hapa mlangoni. Nakuambia kweli. Mama huyu ana afya."

Asubuhi nilimwona. Mbele ya nyumba, maji yalipoanzia, kulikuwa na jiwe bapa ambalo Lukasi alilifungia mtumbwi wake, na juu ya jiwe lile alitua mnandi: ndege mweusi mwenye kifua cheupe, shingo ndefu, yule anayezama akakaa chini ya maji mpaka ukamsahau, kisha akaibukia mahali usipomtazamia. Alikwea jiwe, akafungua mbawa zake zote mbili kuzianika, akasimama hivyo bila kutikisika, ameelekea ziwani, mgongo kwetu. Minandi wote hufanya hivyo. Nilishawaona Mwanza wamejaa mawe mazima. Lakini sikuwahi kumwona mmoja peke yake, karibu na watu namna ile, asiyeogopa. Mama Lukasi alikuwa ameketi kwenye kigoda. "Alikuwa anasimama hivyo hivyo akitoka kuoga," aliniambia. "Mikono wazi, maji yanamchuruzika. Nilimkemea tangu utotoni, vaa nguo, watu wanakuona." Veronika aliingia majini hadi magotini na kikapu chake. Nilimwona akichagua. Alimwacha sato mdogo, akachukua furu mwembamba, akamrusha. "Kwa nini si yule?" nilimwuliza aliporudi. "Yule ana miiba mgongoni. Ilimkwama siku moja." Alisema kwa hasira, kisha akaenda zake.

Mimi, nikiwa mwehu wa ndege, nilifurahi. Ni aibu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa: dada yangu amefungwa kamba shingoni, na moyo wangu unanidunda kwa sababu mnandi ametua hatua chache tu kutoka pua yangu. Ukilisha ndege yeyote mwaka mzima atakuwa ndugu yako. Hilo nililijua, na nadhani hata Veronika alilijua. Lakini Mama Lukasi aliyaona mambo kwa mpango mwingine: ndege kutoogopa kulikuwa ndiko kumjua mama yake, na kumjua mama yake kulikuwa sababu ya kumlisha. Ukiingilia upande huu anakutokea upande ule. Na nikisema ukweli wote, nilipokaa naye pale asubuhi ya pili na ya tatu, ukungu umelala juu ya maji, mgongo ule mweusi na mikono ile iliyofunguka mbele yetu, na yeye akizungumza naye polepole habari za shamba na za majirani, kuna nyakati niliona vibaya kuinua macho na kumtazama yule ndege. Nilihisi akigeuka nitamjua.

Wazee wa ukoo walikuja mchana wa siku hiyo ya tatu. Nilikuwa nimejilaza kwenye chumba cha pili, na ukuta wa udongo hauzuii maneno. Aliyesema zaidi alikuwa Mzee Magesa, baba mkubwa wa Lukasi. "Shemeji, binti wa watu anaoza. Watu wa Mwanza wamemleta ndugu yake. Kesho watatuletea na serikali." Mama Lukasi akasema asiyemwona mwanawe aende kupimwa macho. Wakanong'onezana. Kisha nikasikia Mzee Magesa akiuliza, "Huyo kijana, lile sanduku lake si la picha?" Akajibiwa ndilo. "Basi sikilizeni. Mzimu hauna mwili. Sanduku lile linanasa mwili. Pasipo mwili, litanasa nini? Alipige. Akinaswa, ni ndege, na wewe shemeji utafunga mgomba. Asiponaswa, basi ni Lukasi, nasi tutanyamaza." Niliketi kitandani nikatega sikio. Nilitegemea mama atakataa. Kuku waliparua uani, kisha sauti yake ikaja, tulivu kama kawaida. "Nakubali. Lakini asiponaswa, hakuna atakayenitajia mgomba tena hadi nife. Na Veronika atabaki na mumewe."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Wao waliliona sanduku langu kama mizani ya dukani: unaweka kitu, linakujibu. Mimi nililijua. Lilikuwa kuukuu, sahani zangu zilikuwa za kutupwa, na joto la kisiwa kile lingeweza kuyeyusha picha kutoka kwenye kioo. Ndege akitikisika, picha inaharibika. Wingu likipita, inaharibika. Mkono wangu ukitetemeka kwenye uzi, dada yangu atakufa akimtupia mnandi furu. Nilimwambia Veronika tuwaeleze. Alikataa. "Ukianza kueleza watasema unatafuta njia ya kukimbia. Wewe piga tu. Umepiga ndege wote wa ziwa, utashindwa huyu mwenye kukaa kama anayesubiri kunyolewa?"

Nilijenga kibanda cha matete karibu na jiwe, nikaficha kamera, nikavuta uzi hadi nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Asubuhi ilikuwa nyeupe, nzuri. Mnandi alikuja, akala, akafungua mbawa, nikavuta. Nilisikia kifyatulio kikilia, na yeye hakutikisika hata unyoya. Nikaibeba kamera, nikakimbilia ghala la nafaka lililokuwa halina dirisha, nikaziba mlango kwa blanketi, nikawasha kibatari nilichokizungushia kitambaa chekundu, nikaitia sahani kwenye dawa. Ikawa nyeusi. Si mnandi tu: yote, pembe hadi pembe, nyeusi tii. Hapakuwa na jiwe, wala maji, wala ndege. Nilipotoka nayo mkononi sikuhitaji kusema. Mama Lukasi aliitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Hayupo," alisema, kwa furaha kabisa, akawageukia wazee. "Mmeona? Hayupo."

Mimi nilisimama kama mti. Aliyenitoa pale ni Veronika. Aliingia ghalani bila kusema na mtu, akaitwaa kamera, akajifunika kitambaa cheusi pamoja nayo na kuielekeza kwenye jua, na muda kidogo baadaye tukamsikia akiita kutoka ndani ya kitambaa: "Mzee Magesa! Njoo uingize kichwa hapa." Yule mzee, ambaye kwa mila hakutakiwa kuwa karibu hivyo na mke wa mwanawe, alisitasita, kisha akainama. Alipotoka alikuwa anacheka. Ile ngozi ya kamera, inayokunjuka kama kinanda cha mkono, ilikuwa na tundu. Mende walikuwa wameila, na jua limeingia ndani na kuiunguza sahani. "Ni mende," aliwatangazia wenzake. "Aliyenaswa ni mende." Mama Lukasi alisema tundu au si tundu, neno ni neno. Wakabishana hadi chakula kikapoa. Mwishoni Mzee Magesa akaamua: mara moja tena, basi. Veronika alikanda nta ya nyuki na masizi, akaziba tundu lile mwenyewe, polepole, akiipapasa ngozi yote kwa kidole kama anayepaka mtoto mafuta. Mikono yake haikutetemeka. Yangu ndiyo iliyotetemeka, na kwa hiyo siku ya pili nilifunga uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Mnandi alichelewa, nikadhani haji tena. Alipokuja alikaa muda mrefu akijichokoa chini ya bawa, mawingu yakikaribia. Kisha akajifungua, na nikanyoosha mguu.

Ghalani niliiona ikitokea kwenye kioo, kinyume, nyeupe palipo peusi, nikajua imekaa. Sikumwambia mtu. Niliianika sahani hadi ikauka, halafu nikawaita wote uani kwenye jua kali la mchana. Bwana Kanji alikuwa amenipa karatasi za zamani, zile zinazochapwa na jua lenyewe: unaiweka karatasi chini ya kioo kwenye fremu, unaielekeza juani, na picha inajitokeza taratibu ukitazama. Mama Lukasi akasema ataishika fremu mwenyewe. Nikamwachia, nikawa namfungulia ubao wa nyuma kidogo kila mara ili aone. Sasa, wanaoijua kazi ile wanajua kwamba kilicho cheusi zaidi ndicho kinachotangulia kuonekana. Maji, mbingu na jiwe vilikuwa vyeupe, vingekuja mwisho. Kilichotangulia ni mgongo wa mnandi na mbawa zake. Juu ya karatasi tupu likatokea umbo jeusi, jembamba, limesimama wima hewani, mikono wazi pande mbili, kichwa kimegeuka kidogo. Hapakuwa na kitu kingine chochote pale. Wazee waliokuwa wameinama juu ya bega lake walirudi nyuma. Nami nilirudi nyuma. Nimechapa picha maelfu, na hadi leo sina neno la kile nilichokiona kabla jiwe halijaja chini ya miguu yake.

Likaja jiwe. Yakaja maji na matete, ukaja mdomo wenye ndoana, mkia, miguu ya ngozi. Mzee Magesa alivuta pumzi. "Shemeji, tazama vizuri. Ana mdomo. Ana mkia. Ni ndege." Mama Lukasi hakuondoa macho kwenye karatasi. "Naona mdomo," alisema. "Naona mkia. Na ninamwona mwanangu." Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja, kwamba walikubaliana, kwamba hawezi kugeuka sasa. Aliwangoja wamalize. "Nani amegeuka? Ninyi mlisema sanduku linanasa mwili. Limenasa. Mwaka mzima mnaniambia nizike mgomba, na mimi nawaambia mwanangu si mgomba. Sasa mwili huu hapa." Akaitoa karatasi kwenye fremu, akaiingiza ndani ya nguo yake, kifuani. "Leteni shuka." Nilimwambia, mama, picha haijaoshwa dawa, ikipigwa na mwanga itakuwa nyeusi yote, niruhusu niimalizie. "Kule anakokwenda kuna mwanga?" aliniuliza, na macho yake, yaliyokuwa makavu siku zote zile, yalikuwa yamejaa.

Walikata mgomba, kwa sababu mila haiendi bila mgomba, lakini yeye alilipasua shina kwa kisu upande wa kifua, akaitia picha ndani, akafunga shuka juu yake, akifunga na kulia, akifunga na kulia, kilio cha mwaka mzima kilichotoka kwa siku moja. Wanawake wa kijiji kizima walimwitikia. Veronika hakulia. Walimnyoa, wakamkata kamba shingoni kando ya maji, wakamwogesha, na shangazi mmoja akamshika mkono wazi mbele ya watu, ndiyo kusema sasa ni mtu kama watu wengine. Jioni, tukila chungu kimoja kwa mara ya kwanza tangu nifike, aliniuliza kama kile kioo kinaweza kutoa picha nyingine kama ile. Nikamwambia hata mia. Alifikiri. "Usiitoe," alisema. Sikuitoa. Bwana Kanji nilimdanganya kwamba sahani ziliharibika njiani. Kioo ninacho bado, kimefungwa gazeti, na Tereza akikitaka nitampa. Achape au asichape, ni shauri lake, yeye ni mtoto wa Veronika na mimi ni mjomba tu.

Asubuhi ya kuondoka mnandi alikuja. Sijui nilitegemea nini. Ndege hana habari ya maziko. Alikwea jiwe, akakunja mbawa, akatazama nyumbani. Mama Lukasi alikuwa anafagia uwanja, mgongo ameuelekeza ziwani. Koti halikuwepo tena kwenye msumari. "Mama," nilisema, "amekuja." "Nani?" "Yule ndege." Hakuacha kufagia. "Achana naye. Mwanangu nimemzika." Watoto wa jirani, waliokatazwa mwaka mzima hata kupiga kelele karibu na jiwe lile, walimrushia kokoto. Akaruka, akazunguka, akarudi palepale, akafungua mdomo kwa ajili ya kile alichozoea. Veronika alikuwa mlangoni na furushi lake kichwani. Kikapu cha furu kilikuwa karibu na mguu wake, na nilimwona akikitazama. Kisha Mama Lukasi akasimamisha ufagio, akamkumbatia kwa nguvu, akamwambia, "Nenda mwanangu, ukazae," na hapakuwa na namna tena ya kwenda majini.

Mjane aliyevuliwa msiba, kwa mila ya pale, hageuki nyuma mpaka mashua imemvusha, asije akamvuta marehemu amfuate. Veronika alikaa ameelekea mbele, kichwa chake kilichonyolewa kinang'aa kwa jua, mikono ameipakata. Shingoni alama ya kamba ilikuwa bado nyekundu. Wasafiri wengine walimchangamkia, wakampa muwa, akaushika bila kuutafuna. Tulipoanza kulipita jiwe alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Wewe unaruhusiwa kutazama," alisema. "Anatufuata?"

Niligeuka. "Hapana," nilimwambia. "Yuko palepale kwenye jiwe. Amefungua mbawa."

Macho yake hayakuondoka upande wa Mwanza.

"Basi leo hajala," alisema.